Tahadhari za ndovu Njukini: JOIN iliyonifanya niruke hadi kiti kikaanguka

Wakuu, habari za mchana. Hii ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na mpaka sasa nacheka peke yangu.

Niko Voi. Nafanya kazi na kikundi kidogo kinachowatumia wakulima SMS ndovu wakisogea mashambani.

Nilipoingia, nilikuta watu wamechoka na hizo SMS.

Mzee mmoja wa Wundanyi alinipigia: "Binti yangu, mara ndovu wako Chala, mara Njukini. Huku milimani watapanda na nini?"

Nikacheka.

Halafu nikapigia Mama Mghoi wa Njukini, ambaye shamba lake liko kwa njia ya ndovu kabisa. Akaniambia, "Mimi siku hizi sisomi. Nafuta tu."

Kicheko kikaisha. Mama ana watoto wadogo.

Nikafungua query, yale maagizo yanayochagua nani atumiwe SMS gani. Tables mbili, wakulima na tahadhari, zote ziko na kijiji_id, yaani namba ya kijiji. Aliyenitangulia aliandika:

FROM wakulima JOIN tahadhari

Basi! Hakuna ON!

Kwa wageni wa SQL: database yetu ukiinyima ON, kila mkulima anapewa kila tahadhari. Ni harusi ambayo kila bwana anaozwa kila bibi. Wueh!

Nikaongeza sharti kwamba kijiji cha mkulima kiwe kile kile cha tahadhari:

ON wakulima.kijiji_id = tahadhari.kijiji_id

Nikamrudia Mama Mghoi. "Mama, tafadhali, SMS ijayo isome."

Akaguna tu.

Juzi jioni scouts wetu wanaofuatilia ndovu wakaripoti kundi linaelekea Njukini. Nikatuma. Nikaangalia ripoti: Njukini wamepata, kwingine hakuna hata mmoja.

Nikakaa nimeshika simu.

Ikalia, ni Mama Mghoi. Kwa nyuma nasikia masufuria yanagongwa na mbwa wamepagawa.

"Wewe msichana! Nimesoma! Watoto nimewaingiza ndani, majirani wamewasha moto, na hao wakubwa wamegeuka! Hata mahindi hawajagusa!"

"Mama, kweli?"

"Kweli kabisa! Wacha nipige sufuria!" Akakata.

Wakuu, niliruka hadi kiti kikaanguka. Mlinzi akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Nikamweleza JOIN. Hakuelewa kitu, lakini tulicheza wote.

Nilichojifunza: tables zikiwa na uhusiano, iambie query ni uhusiano gani. Kuna mtu upande ule anasubiri ujumbe wake, si wa kijiji kingine.

Haya, JOIN gani imewahi kuwachanganya ama kuwafurahisha? Mwageni hapa, leo nasoma zote, hata za matusi.