Ubavu wa Kushoto wa Landrover

Mlango wa mbele wa gari unalopanda kila siku una bawaba ngapi?

Hujui. Na usijitetee kwamba gari si lako. Umeufungua mlango huo mara mia, umeubamiza, dereva amekugombeza kwa kuubamiza, na bado hujui. Nchi nzima tumejaa watu wa namna hii, tunapanda na kushuka bila kuona. Fabian angekujibu papo hapo, kisha angekuongezea kwamba bawaba ya juu imelegea kuliko ya chini, na angetaka sana kujua ni nani amezoea kuuegemea mlango huo.

Fabian ni fundi wa meno bandia. Anakaa Pasua, chumba na sebule, na mchana yuko kwenye kijimaabara nyuma ya kliniki moja ya meno mjini Moshi. Daktari humletea alama ya kinywa cha mtu, iliyochukuliwa kwa uji mzito unaoganda mdomoni. Yeye humimina plasta, huchonga nta, hupika meno, mpaka mtu aliyekuwa amebakiwa na mtori peke yake anarudi kwenye nyama ya mbuzi. Kazi hiyo imempa tabia ya kuuliza kila kitu kilichovunjika kimevunjwa na nini. Jino lililovunjwa na mfupa halifanani na jino lililovunjwa na ngumi, anasema, hata kama mwenye jino anakuapia kwamba aliteleza bafuni.

Jioni, mikono ileile inatengeneza magari. Ni magari kamili, ila yamepunguzwa mara ishirini na nne. Yana usukani, viti, wipa, hata kitambaa cha kufutia vumbi kwenye dashibodi. Huanzia Memorial, kwenye marundo ya mitumba, anapopekua midoli ya plastiki hadi apate yenye tairi na chasisi za kufaa. Anaufumua mdoli wote. Kisichokuwepo anakichonga kwa nta, anakizungushia kiboksi, anakimwagia silikoni. Ikishaganda anaivua kama unavyomvua mtoto soksi, na ndani linabaki shimo lenye sura ya kile kitu. Hapo ndipo anapomimina resini: vimiminika viwili, kila kimoja chepesi kama maji, lakini vikichanganywa vinapata joto vyenyewe, vinapauka, vinakuwa vigumu kama ukucha. Mapovu anayatoa kwa kuliweka boksi juu ya mashine ya kutetemesha plasta ya meno.

"Fabi, hilo ni jino la nani?" aliwahi kumuuliza Loveness, anayepokea wagonjwa pale kliniki.

"Si jino. Ni bampa."

"Mae! Wenzako wa rika lako wanaoa wanawake, wewe unaoa bampa?"

"Bampa halinipigii simu nikiwa kazini."

"Na halikupikii. Toa hilo lidude kwenye mashine, kuna mtu anasubiri meno yake ya kwenda nayo kwenye harusi."

Watu humcheka, naye hucheka nao. Lakini jambo moja humchoma. Kila mdoli anaoufumua ni gari lililotazamwa kwa mapenzi na mtu wa nchi nyingine: gari la zimamoto la mji asioujua, teksi ya mtaa asioujua. Mtoto wa Pasua analisukuma mchangani huku akijifunza, bila kuambiwa, kwamba vya kwao havifai kuigwa. Nani amewahi kuketi akalichonga gari lililopanda Kibosho wakati wa masika likiwa na magunia ya kahawa, mgonjwa na padri ndani yake? Hakuna. Basi atalichonga yeye.

Ndiyo maana Stella alipomfuata hakuhitaji kumbembeleza. Stella ni mwalimu, na wazazi wake, Mzee Basili na Bibi Aikande wa Kibosho, walikuwa wanakaribia jubilei ya miaka hamsini ya ndoa. Watoto walitaka juu ya meza ya keki ikae Landrover ya mzee, ile aliyomposea mama yao na kumwendea nayo siku ya harusi. Landrover yenyewe ipo hadi leo, imeegeshwa kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva.

"Ila usisahau alama ya tembo," Stella alisema.

"Tembo gani?"

"Hujui? Kibosho nzima wanajua!"

Akamsimulia. Siku Basili anapeleka mtamba wa mahari kwa wakwe, ng'ambo ya korongo, tembo alishuka kutoka msituni, akalipiga gari ubavuni. Mlango wa nyuma ukafunguka, mtamba akatoroka, asionekane tena. Basili alifika ukweni mikono mitupu, anatetemeka. Baba yake Aikande akasema, "Mtoto wa watu amenusurika na tembo, halafu mimi nimdai ng'ombe?" Ng'ombe akasamehewa. Tangu siku hiyo mzee akaitwa Basili wa Tembo, na kwenye kila kikao cha wakwe hukalishwa mbele.

Fabian alifanya kazi kwa miezi. Alikuwa na picha ya harusi, lakini ilionyesha ubavu wa kulia tu. Ule wa kushoto aliuchonga kwa kusikia: tembo kapiga, bati limebonyea ndani. Alilichonga shimo la duara, akalimiminia resini, akalipaka rangi ya kijani iliyochujuka. Bati hilo hakuligandisha kwenye gari. Alitaka kulilinganisha na gari lenyewe kwanza.

Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, alipanda Kibosho na sanduku lake magotini. Kihambani vijana walikuwa wanafunga maturubai, na mbege, pombe ya ndizi, ilikuwa inanukia hadi barabarani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndiye fundi wa meno huyu?" Mzee Basili alimtazama usoni, halafu sanduku. "Mbona mimi meno yangu yapo?"

"Nimekuletea gari, mzee."

Alipolitoa, mzee alisogea karibu. Aliinama, akachungulia dirishani kama mtu anayetafuta abiria. Akaugusa usukani kwa ncha ya kidole, ukazunguka, na tairi za mbele zikageuka. "Aika mbe," akasema taratibu, yaani asante, na akasema tena. Ubavu wa kushoto ulikuwa wazi, na Fabian akamwonyesha lile bati kiganjani.

"Limebaki hili. Ngoja nikatazame gari lenyewe, nilinganishe."

"La nini?" Sauti ya mzee ilibadilika. "Hiyo iko sawasawa. Gandisha tu."

"Dakika moja, mzee."

"Huko kuna siafu. Gandisha, kijana, tule."

Mtu mwingine angegandisha. Lakini mwambie Fabian asitazame kitu, uone kama atapata usingizi. Mzee alipoitwa kwenye maturubai, Fabian alizunguka nyuma ya migomba. Landrover ilikuwa imeegeshwa ubavu wake wa kushoto umebanwa na ukuta wa ghala la kahawa, pengo likiwa la kupitisha mkono tu. Ilionekana imewekwa hivyo makusudi. Hakukuwa na siafu hata mmoja. Fabian akatoa mfukoni kile kijioo chenye mpini mrefu cha kutazamia magego, akakipenyeza kwenye pengo, akawasha tochi ya simu.

Alitazama. Akafuta kioo kwenye suruali, akatazama tena.

Bati lilikuwa limetuna nje.

Aliingiza vidole akalipapasa lile tuta, bati lililovutwa na kukwaruzika kutokea ndani, na katikati yake alama mbili pacha, kila moja kubwa kama nusu ya yai. Zilikuwa kwato. Alipata furaha ya ajabu, ile aipatayo jino linapokubali hatimaye kusema lilivyovunjwa. Tembo hapigi gari kutokea ndani.

Bibi Aikande alikuwa jikoni, anageuza nyama. Fabian alimwomba maji ya moto kwenye bakuli, akaketi kwenye kigoda, akalizamisha lile bati la resini. Resini nyembamba ikikolea moto hulegea kama chapati. Alipoitoa aliweka kidole gumba upande wa ndani, akasukuma. Shimo likapotea, likawa tuta. Akalishikilia hadi likapoa.

Bibi alikuwa amemsimamia, mwiko mkononi. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanatikisika.

"Umechungulia," akasema.

"Bibi ulikuwa unajua?"

"Mwanangu, siku ya harusi nilikalishwa upande huo. Mgongo wangu uliingia kwenye lile shimo ukakaa kama kwenye beseni. Nikajiuliza, tembo gani huyu anayesukuma watu nje?" Akafuta machozi ya moshi na ya kicheko. "Yule mtamba alizaliwa zizini na akakulia zizini, ndani ya nyumba, kama ng'ombe wetu wote wa zamani. Majani aliletewa. Jua hakuwahi kuliona. Basili alimpakia alfajiri, akafunika madirisha kwa magunia. Ndivyo ninavyofikiri mimi. Njiani akamhurumia, akaondoa gunia apate hewa."

"Jua likamwingia machoni."

"Hebu fikiria! Maisha yako yote giza, halafu ghafla dunia nzima. Hata wewe ungerusha mateke ukatoroka."

"Kwa nini hukumwambia kwamba unajua?"

"Aliniambia tembo. Nikaolewa na tembo. Watoto wamelala usingizi kwa hadithi ya tembo. Sasa nianze wapi?"

Hawakumwona Mzee Basili mlangoni. Alikuwa amesimama na sahani ya kuombea nyama, na macho yake yalikuwa kwenye kile kipande cha kijani mkononi mwa Fabian.

"Rudisha kama kilivyokuwa," akasema.

"Mzee..."

"Maji bado ni ya moto. Rudisha. Kesho wakwe zangu wote watakuwa hapa. Shemeji Filemon atakaa meza ya kwanza, keki mbele yake. Unataka nimtazame vipi?"

Fabian alilitazama bakuli. Lilikuwa jambo dogo kabisa, kuzamisha na kubonyeza. Jina la mzee lilikuwa kwenye kidole gumba chake, jina la miaka hamsini, na nani alimpa yeye ruhusa ya kulivunja kwa ajili ya gari linaloenea kwenye viganja viwili? Lakini pia alijua kwamba akibonyeza, kitakachokaa juu ya meza ile kitakuwa mdoli kama ile ya Memorial, gari ambalo halijawahi kupanda mahali popote.

"Mzee, mkono wangu hauwezi," alisema. "Sitamwambia mtu. Ukitaka, nitaliacha gari bila ubavu huo, niseme kipande kilipotea. Lakini kukirudisha, siwezi. Nimeshaona."

"Kijana mkaidi wewe."

"Ndiyo, mzee."

Mzee Basili alinyoosha mkono. Fabian akampa kile kipande. Mzee alikigeuza, akapitisha dole lake gumba juu ya tuta, mara moja, mara mbili, akakitia mfuko wa shati na kutoka. Bibi Aikande alirudi kwenye nyama. Hakucheka tena. Fabian alilifungia gari sandukuni, ubavu wake wazi, akamwambia Stella kwamba kazi haijakamilika, na Stella akamnunia hadi wakati wa kumwonyesha pa kulala.

Asubuhi iliyofuata, kabla kengele ya misa haijalia, Fabian aliamshwa na kelele za vijana waliolala turubaini. Alitoka na kandambili za mtu mwingine.

Mzee Basili alikuwa amevaa suti yake ya jubilei, bila koti. Mkono mmoja ameshika kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na mtamba mweusi mwenye baka jeupe, aliyetolewa zizini kwake mwenyewe. Kichwa cha ng'ombe kilikuwa kimefunikwa koti lenyewe la suti, mikono ya koti imefungwa chini ya taya. Mkono mwingine mzee alishika jani la isale, lile ambalo Mchagga akikuletea kuomba radhi huna ruhusa ya kumfukuza. Bibi Aikande alikuwa nyuma, kitenge kipya kimekunjwa hadi magotini kwa ajili ya umande, anamsukuma ng'ombe kwa kiganja.

"Baba, misa!" Stella alipiga kelele. "Baba, koti!"

Mzee akavuta kamba. Fabian aliwafuata. Waliteremka korongoni, wakavuka mto kwenye mawe, ng'ombe akikokotwa na kubembelezwa kwa Kichagga, wakapanda ng'ambo hadi kwenye kihamba cha wakwe. Filemon, kaka yake Aikande, alikuwa uani ananyoa ndevu, povu limemjaa shavu moja.

"Shemeji! Sherehe si kwako?"

Mzee Basili alimsogelea. Alimkabidhi jani la isale. Halafu akampa kamba. Halafu akatoa kwenye mfuko wa shati kile kipande cha kijani, akakiweka juu ya kiganja cha Filemon chenye sabuni.

Filemon alimtazama ng'ombe aliyevaa koti. Akakiinua kipande karibu na macho, akakitazama upande wa nje, akakigeuza akakitazama upande wa ndani, akalipima lile tuta kwa kidole. Alichukua muda wake. Dada yake alikuwa ametazama pembeni, ameuma upindo wa kitenge.

"Kwa hiyo, shemeji," Filemon alisema hatimaye, "yule tembo ulikuwa umempakia?"