Laptopu ya Randa

Walimwita Randa, kama kile chombo cha kulainishia mbao, kwa sababu meza alizotengeneza zilikuwa laini kiasi kwamba ungepitisha kitambaa cha hariri kisinase popote. Alikuwa seremala tangu ujana wake, na mikono yake ndiyo iliyoweka chungu jikoni nyumbani kwake. Kisha siku moja ubao ulirudi nyuma kwenye msumeno wa umeme, na kabla hajajua kilichotokea, kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vilikuwa vimekwenda.

Alipopona alirudi karakana, lakini patasi ilimteleza na nyundo ilimkataa. Akakaa nyumbani, akanuna, akawa mtu wa kuchungulia dirishani. Mkewe, ambaye alikuwa msusi, alimvumilia kwa muda, kisha akamwambia kwamba mkono ukigoma, kichwa hakijagoma, na vyeti vyake vya sekondari bado vimo kabatini. Akamtafutia nafasi ya kusomea ualimu wa ufundi chuo kikuu. Randa alilalamika kwamba yeye mtu mzima ataketije na vijana ambao angeweza kuwazaa. Lakini alikwenda.

Mzozo wa kwanza ulikuwa wa laptopu. Mkewe alishikilia kwamba siku hizi mwanafunzi wa chuo kikuu hawezi kuandika maelezo ya mihadhara bila laptopu. Randa alisema hayo ni mambo ya fasheni. Daftari na kalamu vilimtosha shuleni, vitamtosha na chuoni. Alikuwa amejifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto, na ingawa herufi zake zililala huku na huku kama walevi, zilisomeka. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa fundi wa kompyuta, hakungoja wamalize ubishi. Alileta laptopu aliyoiunga kwa vipuri vya mashine mbalimbali, feni yake ikivuma ajabu.

"Shemeji, ina kelele," alisema, "lakini ina akili."

Randa alishukuru, akaifungia kabatini.

Masomo yalipoanza, alitambua mambo si rahisi. Alipokuwa bado anahangaika na sentensi ya kwanza, mhadhiri alishafika mbali. Jioni akifungua daftari alikuta mapengo: nusu sentensi, neno moja peke yake, mshale usioelekea kokote. Aliona aibu kuomba madaftari ya vijana. Mwishowe alitoa laptopu kabatini, akaenda nayo saluni kwa mkewe, akaketi kwenye kiti cha wateja na kuanza kujifunza kuchapa kwa vidole vilivyobaki. Wateja walimtania kwamba anadonoa kama kuku, naye akacheka nao. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka hivyo tangu ajali. Taratibu kasi ikaja, na muhula ule ukapita salama.

Muhula uliofuata akakutana na mhadhiri wa saikolojia ya elimu, mama wa makamo ambaye wanafunzi walimpachika jina la Bibi Daftari. Siku ya kwanza aliingia, akaweka mkoba mezani, akaagiza laptopu zote zifungwe. Alieleza kwamba mwaka uliopita nusu ya darasa walikuwa wakitazama mpira, na nusu nyingine walichapa kila alichotamka, karibu wachape na kikohozi chake, bila lolote kuingia kichwani. Anayeandika kwa mkono, alisema, hana budi kuchagua la kuandika, na huko kuchagua ndiko kuelewa.

Randa aliona hoja ile ina maana, na ndiyo sababu ilimuuma zaidi. Alifunga mashine, akatia mkono wa kulia mfukoni kama alivyozoea, akashika kalamu kwa wa kushoto, na mapengo yakarudi. Jaribio la kwanza lilipokuja, aliambulia alama za kusikitisha.

Mkewe alimshauri aende akamweleze mhadhiri. Randa alikataa. Alisema hakwenda chuoni kuonewa huruma, na kwamba akiruhusiwa yeye peke yake, darasa zima litageuka kumtazama na kuuliza kulikoni. Mkewe aliweka kitana chini.

"Baba, msumeno ulikula vidole viwili," alisema. "Ulimi haukuugusa."

Kesho yake Randa alibisha hodi kwenye ofisi ndogo iliyojaa karatasi za kusahihishwa. Kiti cha wageni kilikuwa na boksi la vitabu, kwa hiyo alisimama. Alitoa mkono mfukoni, akauweka mezani. Watu wengi walipouona waligeuza macho haraka. Bibi Daftari aliutazama bila haraka, akauliza kama bado unauma, akajibiwa kwamba ni wakati wa baridi tu.

"Mwalimu, sheria yako siipingi," Randa alisema. "Ila mimi kwa kalamu sikufikii. Na sitaki wenzangu wajue."

"Kwa hiyo unataka nikuruhusu, na papo hapo nisikuruhusu."

"Nadhani ndivyo."

Mama yule alitabasamu. "Niliweka sheria kwa ajili ya watazama mpira," alisema. "Sikujiuliza itamnasa nani mwingine. Niachie nifikirie."

Kipindi kilichofuata hakufundisha. Aliuliza darasa kama kweli mwanafunzi wa chuo kikuu anahitaji laptopu kuandika maelezo, na ubishi ukawaka. Kijana mmoja alisema bila laptopu atasinzia. Binti mmoja alisema akichapa hakumbuki kitu, lakini akiandika kwa mkono hukumbuka mpaka ukurasa wenyewe. Mwingine alilalamika kwamba skrini ya jirani humvuruga hata kama yeye hana. Randa alisikiliza, mkono wake wa kulia ukiwa mfukoni.

Mwishoni mhadhiri alitoa uamuzi. Wenye laptopu wakae upande wa dirishani na wazime intaneti. Wenye kalamu wakae upande wa mlangoni. Kila mtu achague kinachomfaa, na hakuna atakayeulizwa sababu. Lakini dakika za mwisho za kila kipindi, mashine na madaftari vifungwe vyote, na kila mtu amsimulie jirani yake alichoelewa.

Viti vikaburutwa. Watu wengi walihamia dirishani, na Randa akajichanganya nao, mmoja tu kati ya wengi. Alipowasha laptopu, feni ikaanza kuvuma, na kijana aliyekaa karibu naye akamwinamia.

"Mzee, hiyo inapaa saa ngapi?"

Wakacheka wote wawili. Vidole havikutazamwa na mtu. Kabla muhula haujaisha, Randa mwenyewe ndiye aliyemsimulia kijana yule habari za msumeno, bila kuulizwa.

Leo Randa ni mwalimu wa useremala katika chuo cha ufundi. Wanafunzi wanaotaka kuendelea na chuo kikuu humwuliza kama watafute laptopu. Hajibu moja kwa moja. Huwauliza kwanza wanaandikaje, wanasikiaje, na ni wapi hasa wanakwama. Wengine huondoka wakiwa wameamua kwamba daftari linawatosha, naye huona ni sawa kabisa.

Akisimulia safari yake, humtaja mkewe kwanza, kisha shemeji, kisha Bibi Daftari. "Angeweza kusema sheria ni sheria," husema, "na nisingekuwa na la kumjibu. Lakini alikaa akafikiria habari zangu."

Siku aliyopata kazi alimpigia simu kumshukuru, akamweleza kwamba mkewe ndiye aliyemhimiza aende kumwona. Bibi Daftari alimsikiliza mpaka mwisho, akasema yeye alihamisha viti tu, na kwamba shukrani hizo zimfikie kwanza huyo mama aliyemtuma ofisini kwake. Randa akamjibu kwamba mama mwenyewe amekaa hapo pembeni, anasikia kila kitu, na anajifuta machozi kwa taulo la saluni.