Mafaili Kumi na Tisa ya Maxwell

Sumeya Issack aliandika programu za kompyuta katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la baba yake, Migori mjini, na hakuna mtu ambaye yeye alimdharau zaidi ya anayejiita mtaalamu. Maxwell alijiita hivyo hata kwenye kadi zake.

Maxwell ndiye aliyewaandikia wavuvi wa ushirika mmoja wa kisiwa cha Mfangano programu ya kuchunga ubaridi wa ghala lao la samaki. Ilifanya kazi, bora uifungulie kwenye folda moja tu. Phelesia, karani wa ghala, akiifungulia kwenye folda ya ripoti, ilimjibu kwamba faili la mipangilio halionekani. Alipolalamika, Maxwell alinakili faili hilo katika kila folda, zote kumi na tisa, akarudi zake Homa Bay.

Mwezi wa tatu, Phelesia alibadilisha kiwango cha ubaridi katika faili moja. Mengine kumi na nane yakabaki na kiwango cha zamani. Programu ikasoma mojawapo ya hayo, king'ora cha kuonya joto likipanda hakikulia, na sangara waliovuliwa siku nzima wakaoza.

Ndipo Sumeya akaitwa. Alifungua kompyuta, akacheka kicheko kikavu.

"Mama Phelesia, huyu alisomea wapi?"

"Hatukumuuliza. Alikuja amevaa tai."

Maxwell naye alikuwa ameitwa ajieleze. Akasimama nyuma ya kiti cha Sumeya, akimtazama anavyoandika mistari michache ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu.

"Inaanza kutafuta hapo ulipo," Sumeya alimweleza Phelesia. "Isipopata faili, inapanda kwenye folda iliyobeba hiyo, halafu iliyobeba hiyo nyingine, mpaka ilipate. Faili moja tu linatosha."

"Hiyo ni kazi ya mwanafunzi," Maxwell alisema.

"Mbona basi ikakushinda?"

Sumeya aliijaribu, ikafaulu. Kisha akaijaribu mahali ambapo hapakuwa na faili la mipangilio wala juu yake, na kompyuta ikaganda. Maxwell akatabasamu. Sumeya alihisi uso ukimwaka. Folda ya juu kabisa haina nyingine juu yake. Ukiiuliza ni folda ipi iliyoibeba, inajitaja yenyewe. Programu yake ilikuwa ikipanda pale pale bila kikomo. Kosa la kijinga, na kwa dakika ile alijidharau kuliko alivyomdharau mwenye tai.

Akaongeza sharti: folda ya juu ikiwa ni ile ile uliyomo, acha, useme faili halipo. Safari hii programu ilisimama yenyewe. Akalihamishia faili alilobadilisha Phelesia kwenye folda iliyobeba zote, akafuta nakala nyingine kumi na nane, moja moja, Maxwell akiona. Phelesia akafungulia programu kwenye folda ya ripoti, na kiwango kipya kikatokea.

"Nitumie hiyo mistari," Maxwell alinong'ona. "Nina mteja Ndhiwa."

Sumeya alimvutia kiti hadi kwenye kompyuta, mbele ya Phelesia. "Keti uandike mwenyewe, nitakusomea."

Maxwell aliketi. Alikosea herufi mara mbili, na Sumeya hakumsahihisha. Aliiacha kompyuta imwambie.