Baba yangu mfamasia alimtungia mama wimbo wa kumsuta. Nimeukuta kwenye kabati la dawa kali

Wakuu, asalaam aleikum, na wasiokuwa Waislamu habari zenu.

Miaka mingi humu nimekuwa msomaji tu. Nasoma vituko vyenu nacheka peke yangu kaunta, mpaka wateja wanadhani nimeonja dawa. Leo ni zamu yangu. Sitii chumvi, na mwenye shaka asubiri mama yangu amalize eda aje amuulize mwenyewe.

Mimi ni mwanamke, mfamasia, mtoto wa pekee. Duka letu liko Ndia Kuu, huku pwani. Nimelirithi kwa baba, ambaye amefariki miezi miwili iliyopita. Mola amrehemu.

Kwanza mumjue huyo baba.

Alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini. Adhana ikilia alifunga duka hata kama uko katikati ya kikohozi. "Ngoja nikakuombee," anakwambia, kisha huyo, na funguo mkononi.

Watu walitoka Majengo na Tudor kumfuata, na huko kwao maduka ya dawa yamejaa tele. Walimfuata kwa sababu alikuwa akikataa kuwauzia! Ukienda na mafua unataka antibayotiki, alikupa mawaidha ya robo saa, akakutuma sokoni ukanunue tangawizi. Na ulirudi kwako umeridhika.

Halafu haachi kuimba. Vidonge alivihesabu kwenye trei kwa mapigo ya wimbo. Ukimkuta kwenye wimbo wa pole pole, foleni inatoka nje. Mama alimwambia mara nyingi kwamba sauti yake ni ya mlango usiotiwa mafuta.

Sasa, kabati.

Kuna dawa kali za maumivu ambazo sheria inataka zifungiwe, ufunguo ukae na mfamasia mwenye dhamana. Baba sheria hiyo aliishika kama faradhi. Nimefanya kazi naye miaka tisa na sikuwahi hata kuugusa ule ufunguo. Nilimsifu sana kwa uadilifu.

Baada ya msiba dhamana ikaja kwangu, nikafungua. Juu dawa, zimepangwa vizuri, hesabu sawa. Chini, daftari nene la jalada gumu.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Mwandiko wake:

"Mgonjwa: Bi Z. Maradhi: wifi. Dawa: beti sita. Kutwa mara moja, ukumbini. Tahadhari: isitumike mbele ya mkwe."

Chini yake, wimbo.

Wakuu, nilikaa kitako.

Kwa wasiokuwa wa pwani: wanawake wakigombana huku, si lazima watoleane maneno barazani. Unatafuta mtunzi, anakutungia wimbo, unaimbwa harusini, na mlengwa anajijua mwenyewe pale alipoketi. Mtunzi hatajwi. Kumbe mtunzi wa nusu ya mtaa alikuwa baba yangu! Wanakuja kaunta, wananong'ona shida zao, anaandika kama anaandika dawa. Siku ya pili wanachukua wimbo ndani ya bahasha ya vidonge. Mna hata ukurasa wa mtu wa safu ya mbele msikitini, na huyo simtaji ng'o.

Nilicheka mpaka nikafika katikati ya daftari. Hapo kicheko kikakatika.

"Mgonjwa: Mwanaidi, jirani. Maradhi: mbuzi ya nazi. Tahadhari: hii kesi inalala kwangu. Lakini mfamasia hachagui mgonjwa."

Nikaijua hapo hapo. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alimwazima Bi Mwanaidi mbuzi ya kukunia nazi, ikarudi haina meno. Mama akasema maneno. Wiki chache baadaye, harusini, mbele ya ukumbi mzima, ukaimbwa huu:

*Mbuzi yako ina nini, meno yake yamekwisha*
*Halwa wafita ungani, wageni wawashindisha*

Yaani mama mchoyo, anaficha halwa kwenye unga wageni washinde na njaa. Mama alilia siku tatu. Na baba, nakumbuka kwa macho yangu, akimletea maji ya ndimu kitandani huku anatikisa kichwa: "Aliyeyatunga haya hana adabu kabisa."

Hana adabu! Na yeye mwenyewe ndiye!

Nikawaza, mama yuko ndani ya eda, kila siku anamtaja mumewe kwa mema tu. Akiujua ukurasa huu, huyo mume atamfia mara ya pili.

Kesho yake Bi Mwanaidi akaingia dukani, buibui limekaa upande. Siku hizi yeye na mama ni chanda na pete, walishapatana zamani.

"Nasikia umepewa ufunguo wa kabati," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Mna karatasi yangu humo. Itoe kabla mamako hajaiona. Mimi na yeye twala sahani moya sasa."

Ningeichana yakaisha. Lakini ni mwandiko wa baba, mkono ukakataa. Na mama alikuwa ameshaniambia nimletee kila kitu chenye mwandiko wake, autazame tu. Nikafanya anachofanya mtu mwenye shahada ya chuo kikuu: nikazigandisha kurasa mbili za wimbo ule kwa stepla. Pini kumi na mbili.

Baada ya alasiri nikampelekea. Akavaa miwani, akafungua, akaanza kucheka kwa Bi Z na wifi yake. Kumbe mwenzangu hashangai! Anapekua kama mtu anayetafuta kitu. Akafika kwenye pini.

"Hizi ni za nini?"

"Karatasi zilikuwa zimechanika, mama."

"Babako hakuwa na stepla. Karatasi akizishona kwa uzi. Zing'oe."

"Mama..."

"Zing'oe, mwanangu. Ni wimbo wa mbuzi, siujui?"

Nikamuuliza amejua lini.

"Siku ile ile, ngoma haijesha. Halwa yangu kwenye pipa la unga yajulikana na watu wawili dunia hini: mimi na mwizi wangu. Mwanaidi angeijuaje?"

"Sasa ulilia nini siku tatu?"

"Nalilia mume! Na maji ya ndimu yalikuwa matamu, niache kulia kwa nini?"

Wakuu, huyu ni mama yangu mzazi.

Akaendelea. Alimtuma mshonaji wake wa Tudor, ambaye baba hakumjua, aende dukani akaagize wimbo wa kujibu. Na sharti moja: ndani yake asutwe pia yule mtunzi wa siri aliyemwandikia Mwanaidi. Yaani baba alilipiwa kazi ya kujisuta mwenyewe, na akaifanya.

"Akaja nyumbani siku hiyo, chakula hakigusi," mama akasema, uso unamng'aa kama bibi harusi. "Miaka yote hii nimeishi nae nikijua nimemshinda. Sikumwambia hata siku moya. Utafute, uko mbele huko. Nisomee."

Nikautafuta. Ni huu:

*Na mtungaji wa siri, kwake hana ushujaa*
*Huko nje simba wa shari, ndani paka mwenye njaa*

Mama akapiga makofi. Mimi macho yakapanda juu ya wimbo, pale anapoandika mgonjwa. Nikapafunika kwa kiganja.

"Wafunika nini? Soma na hapo juu."

Nilitaka kudanganya. Lakini pini zilikuwa zimeshanishinda mara moja. Nikasoma:

"Mgonjwa: mke wangu. Aliyetumwa ananukia udi wa nyumbani kwangu. Maradhi: mume. Dawa: aachwe ashinde. Muda: maisha."

Mama alicheka mpaka mtandio ukaanguka. Alicheka akashika ukuta. Kisha kicheko kikageuka, akalia, na safari hii hakuwa na wa kumletea maji ya ndimu. Nikaenda nikamkamulia mimi. Akanywa, akasema nimezidisha sukari.

Halafu akaniomba kalamu. Akaigeuzageuza, akanirudishia.

"Andika wewe, hapo chini ya muda," akasema. "Mgonjwa hajapona."

Nikaandika. Daftari sasa liko chini ya mto wake, na Bi Mwanaidi ameshaarifiwa kwamba hana siri.

Nilichojifunza ni kwamba wazazi wetu tunawaonea huruma bure, wanajuana kuliko tunavyodhani. Na mtu akikuachia ushinde maisha yako yote bila kukwambia, huyo alikupenda, hata kama alikuibia halwa.

Haya, uwanja wenu. Mwenye mzee aliyekuwa na kabati lake la siri aseme alikuta nini. Na wale wa Ndia Kuu mlioanza kunitumia ujumbe faraghani mkiulizia kurasa zenu: njooni dukani, lakini si wakati wa swala, nimefunga.