Mtoto Kwenye Kadi ya Mpwa

Walimwita Mzee Sufi kwa sababu sufi ilimganda kila mahali: kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya shati, hata kwenye chai. Alikuwa fundi magodoro tangu enzi ambazo mtu hakuthubutu kuoa kabla hajaja kwake kuagiza godoro. Aliichambua sufi, akaipiga fimbo mpaka ikafura, akaishindilia ndani ya kitambaa cha mistari na kushona kingo kwa shazia, ile sindano yake nene. Godoro lake alilalia baba, akarithi mwana. Siku hizi watu hulalia sponji, nayo hubonyea kabla ndoa haijachuja.

Katika chumba hichohicho cha kazi na kulala aliishi na mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyefariki. Alimwita Bi Mkubwa, maana yeye ndiye aliyekuwa akitoa amri pale.

"Babu, shati umelivaa ndani nje."

"Ndiyo mtindo, Bi Mkubwa."

"Mtindo wa nani?"

"Wa wazee wasio na mke wa kuwasema."

"Basi nakusema mimi. Geuza."

Bi Mkubwa alikuwa na pumu. Kifua kikimbana, alikaa kitandani ameshika magoti, mabega yakipanda na kushuka, na babu mtu akimpepea kwa kipande cha boksi, huku akijua kwamba vumbi la riziki yake ndilo linalomkaba mtoto. Dawa ya kuvuta ilikuwa ghali. Daktari alisema aivute kila siku. Wao waliiweka kwa siku ya shida.

Mzee Sufi akaenda ofisi ya bima. Kijana wa dirishani alimsikiliza kwa adabu, macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Mtoto huingia kwa mzazi au mlezi aliyeajiriwa, mzee wangu. Wewe umeajiriwa wapi?"

"Nimejiajiri tangu baba yako hajazaliwa."

"Hiyo mfumo hauitambui."

"Na ule msaada wa kaya maskini?"

"Kule watakuuliza kazi yako. Ukisema una ufundi, wanakuruka."

Basi kwa watu wa bima hakuwa na kazi, na kwa watu wa msaada alikuwa nayo.

Aliyekuwa na kadi ya bima ni mpwa wake, mtoto wa dada yake, dereva katika ofisi ya serikali. Aliposikia, hakusubiri kuombwa. "Mlete kwangu, mjomba. Kwani mama yake hakuwa dada yangu?"

Zamani neno hilo lingetosha. Mtoto alikuwa wa ukoo. Alikula alikokutwa na njaa na kulala alikokutwa na usingizi, na hakuna aliyeuliza yumo kwenye kadi ya nani. Sasa ofisi ya ustawi wa jamii ilitaka maandishi: kwamba mtoto anaishi kwa dereva, tena kwamba hana mtu mwingine wa kumtunza.

Dereva alisita, kalamu mkononi. "Mjomba, hapa panasema hana mwingine."

"Andika. Maneno hayavunji mfupa."

Bi Mkubwa akahamia kwa dereva, kwenye nyumba ya vigae isiyo na vumbi. Dawa akaivuta kila siku, na kifua kikatulia. Mzee Sufi alibaki akipika chakula cha wawili na kula kiporo. Usiku alilala ukingoni mwa kitanda, amejibana, kana kwamba kuna mtu wa kumwachia nafasi.

Alikuwa akienda kumwona. Asubuhi moja ya likizo ya shule alikuwa ameketi sebuleni kwa mpwa wake, futi ya kitambaa ikining'inia shingoni kama kawaida, Bi Mkubwa akimsimulia alivyowashinda wavulana mbio. Dereva alikuwa kazini, mkewe akikunja nguo pembeni. Mlangoni pakabishwa hodi, akaingia mama mmoja mwenye faili.

"Natoka ustawi. Nimepita kuhakiki mtoto anavyoishi." Akawapa mikono wote, kisha akamgeukia mzee. "Na huyu babu ni nani wake?"

Mke wa dereva akainamia nguo zake. Mzee Sufi aliyaona yote kwa mara moja: yale maneno aliyoamuru yaandikwe, kadi ikifutwa, mtoto amekaa tena kitandani ameshika magoti. Akasimama.

"Mimi fundi magodoro, mama. Nimekuja kupima kitanda cha mtoto."

Akaingia chumbani, akatandaza futi juu ya sponji, akapima urefu, akapima upana. Mama wa ustawi alimfuata, na Bi Mkubwa akasimama mlangoni.

"Mwanangu, huyu unamfahamu?"

Mtoto alimtazama babu yake, akaitazama futi. Hakuwa mjinga, alilelewa na mtu asiye mjinga.

"Ni fundi," akasema. Kisha, taratibu: "Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mtoto mzuri."

Mama wa ustawi akaandika. Mke wa dereva akasema, bila kuinua macho, "Tutakuita, fundi." Siku nyingine zote Bi Mkubwa alimsindikiza babu yake mpaka barabarani, wakitaniana njia nzima. Safari hii mtoto alipotaka kumfuata, mkono wa mke wa dereva ulimtua begani. Mgeni husindikizwa, fundi akimaliza hujiendea.

Mzee Sufi alifunga geti kwa nje, akabaki pale akikunja futi. Dirishani ilisikika sauti ya Bi Mkubwa akimsomea yule mama kitabu chake cha shule, sentensi ndefu kwa mkupuo mmoja, bila kutweta. Alisikiliza mpaka akachoka kusimama, ndipo akaondoka.