Milimita Sita za Bomba la Themanini

Juzi nilikwenda Nyakato kununua bomba la maji la plastiki. Muuzaji alipolikata kwa msumeno, ile sauti, rafiki yangu, ikanirudisha darasa la sita, uani kwa bibi kule Ilemela, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka jikoni.

Mwalimu wetu wa hesabu ndiye aliyefundisha na kwaya. Kinanda hatukuwa nacho, basi tulikata mabomba na kuyapiga kwa ndala kwenye tundu la juu. Mpimaji nilikuwa mimi, na kichwa kilinivimba kweli.

Mwalimu alitaka sauti nne zinazopanda kwa hatua sawa, ya mwisho iwe ile ile ya kwanza, ila ya juu. Kila bomba liwe sehemu nne kati ya tano za lililotangulia. Nikaanza na sentimita mia, nikapata themanini, kisha sitini na nne. Sauti za bomba la mia na la themanini zikipigwa pamoja zilitulia bila kutetema, hata bibi akaacha chungu aje asikilize. La nne likawa hamsini na moja na milimita mbili. Kumbe sauti ile ile ya juu hutoka kwenye nusu kamili, hamsini!

Wenzangu wakanijia juu: nimekosea, nivuliwe upimaji. Nilipima tena na tena, machozi yakinilenga. Kesho yake nikayabeba mabomba hadi shuleni.

"Shikamoo mwalimu. Nimepima sawa, haki ya Mungu."

"Marahaba. Hujakosea, mwanangu. Hesabu yenyewe ndiyo haifungi, hata ukate mpaka Krismasi."

Akasema ile ziada ya milimita kumi na mbili igawanywe, kila hatua ibebe kidogo. Themanini ipungue milimita sita, sitini na nne ipungue sentimita moja, la mwisho liwe hamsini. Nilikataa. Themanini yangu ilikuwa sahihi, niikate kwa kosa la nani? Akaushika msumeno mwenyewe.

Tulipoyapiga, hatua zote zikawa sawa na hesabu ikafunga. Darasa likashangilia, upimaji nikabaki nao. Ila katikati ya sauti nilisikia mtetemo mdogo ambao jana yake haukuwepo.

Siku hizi simu yangu ina kinanda kinachotoa sauti hizo zote, zimeshapunguzwa tayari, na zote zina ule mtetemo. Siku ile nilitamani sana kumuuliza mwalimu kama na yeye ameusikia. Nikaogopa nisije nikapokonywa upimaji. Sasa hayupo wa kuulizwa.