Wangu Ana Nguvu Kuliko Wako

Nichekeni, lakini siachi. Nina miaka thelathini na nne, nauza vitambaa dukani hapa Eldoret, na napenda anime, zile katuni za Kijapani ambazo mtu anakufa kisha anazaliwa upya kwenye dunia nyingine akiwa na nguvu za ajabu.

Juzi saa ya lunch nilikuwa kwa simu na binamu yangu Brenda, tukibishana shujaa wa nani ni mkali zaidi.

“Wako bila upanga ni bure kabisa!” nikamwambia. “Wangu akinyoosha mkono tu, watu wanaanguka. Na wale wanawake wote anaishi nao nyumba moja, hakuna anayelalamika.”

Sikujua Mama Akoth, mwenye duka, alikuwa nyuma ya mapazia akisikiliza. Tunasali naye kanisa moja.

Jumamosi mlango wa nyumba yangu mtaani Munyaka ukagongwa. Alikuwa Mama Akoth na wamama wawili wa kanisa. Nyuma yao alisimama mama yangu mzazi, aliyepigiwa simu na Mama Akoth, ametoka Kisumu kwa basi la asubuhi, macho mekundu kwa kulia.

“Achieng’, umeolewa na mganga mwenye wake wengi?” akauliza. “Nataka kumwona sasa hivi.”

Nikafungua simu, nikampa. Akavaa miwani, akamkazia macho kijana mwenye nywele nyeupe na pembe mbili kichwani.

“Lakini huyu ni katuni!”

“Ndiyo, Mama,” nikajibu bila kuinamisha kichwa. “Na hajawahi kushindwa na mtu.”